Zamu Yangu ya Kuwa Mashine

Nchi yetu ina amani, na anayebisha hupewa namba ya kusubiri. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue kwamba siandiki kwa chuki. Mimi ni mwandishi wa kumbukumbu za vikao katika Wizara ya Maendeleo ya Kidijitali na Furaha ya Raia, kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa bila kukosea hata nukta. Karibu yote nitakayosimulia niliyaandika mwenyewe, yakasomwa kikaoni, yakathibitishwa na kupigwa muhuri.

Nianze na simu. Kwa miaka ishirini na saba simu za wizara zilipokelewa na Bi Mwanamvua, mwanamke asiyeona, aliyekaa kwenye kijichumba chini ya ngazi na kuzijua sauti zetu zote. Ukipiga kutoka nyumbani kuomba ruhusa ya ugonjwa, kabla hujajitaja anakuambia, "Chande, leo umeamka mzima, njoo kazini." Alipostaafu, Mheshimiwa Waziri alitangaza kwamba hataajiriwa tena mtu wa simu, kwa kuwa taifa limeingia zama za mashine. Mashine ya kupokea simu ikaagizwa ng'ambo, ikafika, Mheshimiwa akaizindua ikiwa bado ndani ya boksi, utepe ukakatwa na picha zikapigwa. Kesho yake boksi lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na feni ya mezani.

Sasa, kitu kilichozinduliwa na Waziri hakiwezi kuwa hakipo. Ukatoka waraka kwamba watumishi wote tutapokezana zamu ya kuwa mashine. Aliye zamu atakaa nyuma ya pazia, ataongea kwa sauti isiyopanda wala kushuka, atasema bonyeza moja, bonyeza mbili, na mpigaji akishabonyeza ataambiwa huduma haipatikani kwa sasa. Ni marufuku kukohoa, kupiga chafya au kumtambua mpigaji. Zamu yangu ni Alhamisi. Feni nayo tunaitumia, inapuliza vizuri tu.

*

Mwaka juzi iliamuliwa kwamba ofisi zote za huduma zifungwe na raia wahudumiwe kwenye tovuti moja, iitwayo Mlango Mmoja. Ukitaka cheti cha kuzaliwa, kibali cha kuzika, kadi ya kliniki, vyote humo humo. Milango mingine, ile ya mbao, ilipigwa misumari.

Kikao cha kuanza kazi kiliongozwa na Mkurugenzi wetu, Bwana Malugu, mtu mwenye tai nyingi na mashaka machache. Alibandika ukutani karatasi yenye hatua kumi na mbili za kuujenga mfumo. Hatua ya kwanza ilikuwa kuchagua rangi. Ya pili, kuchagua picha za Waziri. Ya kumi na moja ilikuwa uzinduzi. Ya kumi na mbili, kwa maandishi madogo kwa kuwa karatasi ilikuwa inaisha, ilikuwa ufikivu, yaani kuhakikisha kwamba asiyeona, asiyesikia, mwenye mikono inayotetemeka na raia mwingine yeyote anaweza kuutumia mfumo kama wenzake.

Programu yenyewe iliandikwa na binti mmoja, Leokadia. Sisi wengine tulikuwa ishirini na wawili na kazi yetu ilikuwa kumsimamia. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Samahani, mkurugenzi. Hiyo ya kumi na mbili haiwezi kungoja uzinduzi. Inatakiwa ianze leo tukiwa bado tunachora, halafu tuende nayo kila hatua."

"Binti, wewe umewahi kuona nyumba inapakwa rangi kabla haijajengwa?"

"Siyo rangi, mkurugenzi. Ni kama mlango wa hiyo nyumba. Tukishamaliza kuta ndiyo tuanze kutoboa?"

"Sasa unataka tufanyeje?" Bwana Malugu aliuliza kwa upole, maana alikuwa ameshakunywa chai.

"Tumlete hapa mtu asiyeona, aujaribu mapema. Simu zao zinasoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini, ila zinasoma kile tu tulichoandika sisi. Kila kisanduku cha kujaza tukipe jina, kila picha tuiwekee maelezo. Kwa leo ni kazi ndogo. Tukingoja mwisho itakuwa kubomoa."

"Mwisho ndiyo tutakuwa na muda mwingi zaidi," alisema Bwana Malugu, "kwa sababu kazi itakuwa imekwisha."

Tulipiga makofi. Mimi nikaandika kwamba hoja ya Leokadia imepokelewa kwa furaha na itabaki palepale ilipokuwa.

*

Bi Mwanamvua anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ana ugonjwa wa sukari, anajichoma insulini asubuhi na jioni, na chupa anaihifadhi kwenye mtungi wa maji uliofunikwa kitambaa kibichi, kwa sababu friji aliliuza zamani. Insulini inatolewa kliniki kwa mwenye kadi hai, na kadi inahuishwa kwenye Mlango Mmoja pekee. Kadi yake ilikuwa inaisha mwezi uleule tuliozindua. Aliniita jioni moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Chande. Una mafua wewe. Kaa hapo unisikilizie hii serikali yenu inavyoongea."

Akapitisha kidole kwenye simu. Simu ikasema: kitufe, kitufe, picha, kisanduku, kisanduku, picha sifuri sifuri nne saba, kitufe.

"Kitufe cha nini?" akaniuliza, na kukigusa tena. Simu ikasema kitufe.

Ningeweza kumjazia. Lakini sheria yetu inasema kumjazia mwingine fomu ya serikali ni kosa la kujifanya raia ambaye siye, kifungo miezi sita, na sheria hiyo niliiandikia kumbukumbu mimi mwenyewe. Nilinywa chai yake nikaaga.

Hakukata tamaa. Mtu aliyekariri namba mia nne za simu haogopi visanduku. Kwa siku nne aligusa, akakosea, akahesabu, akakariri kwamba kisanduku cha tatu ni jina na cha saba ni namba ya kadi, mpaka akafika ukurasa wa mwisho. Huko mfumo ulitaka athibitishe kwamba yeye ni mtu. Swali liliandikwa kwa maandishi ya mapambo ndani ya picha: chagua picha zote ambazo Mheshimiwa Waziri anatabasamu. Simu yake ikasema picha, picha, picha, mara tisa, na mara ya kumi kwa lile swali.

Aligusa tatu kwa kubahatisha. Jibu sahihi lilikuwa zote tisa, maana Mheshimiwa alikuwa anatabasamu hata kwenye ile aliyopigwa msibani. Baada ya jaribio la tatu mfumo ulimtumia ujumbe mfupi, na huo simu iliusoma vizuri kabisa: Umetambuliwa kuwa ni mashine. Asante.

Kliniki, nesi alitazama kompyuta, akamtazama yeye, akarudi kwenye kompyuta.

"Bibi, humu wewe siyo mtu. Imeandikwa mashine. Sasa mashine mimi nitaiandikia dawa gani?"

"Nishike mkono, mwanangu."

Nesi akamshika. "Una joto," alikubali, "ila kompyuta imekataa."

"Niende nikalalamike wapi?"

"Mlango Mmoja. Ukishathibitisha kwamba ni mtu, utaona pa kulalamikia."

Mtungini ilikuwa imebaki insulini ya siku nane. Bi Mwanamvua akaanza kupunguza dozi, na mimi nikaanza kupita nyuma ya nyumba yake ili asinisikie.

*

Nisije nikaonekana nasema wizara haikujali. Hatua ya Kumi na Mbili ilifika kwa ratiba, na tukaitekeleza.

Mkandarasi aliyeshinda kazi ya ufikivu alikuwa fundi zege hodari. Akajenga njia ya mteremko yenye vyuma vya kushikia pande zote mbili, kutoka barabarani moja kwa moja hadi kwenye chumba cha seva, kile chumba cha baridi penye mitambo inayobeba tovuti. Leokadia alipoiona aliipanda hadi juu, akashuka. Kisha akamfuata Mkurugenzi.

"Mkurugenzi, huu mteremko ni wa nini?"

"Ufikivu, binti. Si ulikuwa unalilia ufikivu?"

"Watu wanaingia kwenye tovuti kwa simu. Wako majumbani kwao."

"Basi wasiseme hatukuwawekea njia."

Mheshimiwa alikata utepe. Alisema kwamba kuanzia siku ile hakuna ndugu yetu mwenye ulemavu atakayeshindwa kuifikia tovuti ya taifa, na asiyeifikia atakuwa ameamua mwenyewe. Walinzi wakaamriwa wasimzuie yeyote atakayepita mteremkoni. Cheti cha Ufikivu Kamili kikapigwa picha na kuwekwa kwenye ukurasa wa mbele wa Mlango Mmoja. Nilimsikia Bi Mwanamvua akikigusa, nikiwa napita nyuma ya dirisha lake. Simu ilisema picha.

Wiki iliyofuata ikaja habari njema zaidi. Mfumo ulitoa ripoti kwamba nchini kuna mashine elfu arobaini na moja, mia mbili na sita. Mheshimiwa hakulala kwa furaha. Aliitisha mkutano uwanjani.

"Ndugu wananchi," alisema, "wenzetu wanajenga viwanda miaka hamsini ndipo wapate mashine. Sisi tumezipata kwa mwezi mmoja, bila kujenga hata kiwanda kimoja. Takwimu zinaonyesha kwamba nyingi ziko vijijini, kwa hiyo maendeleo yamewafikia wanyonge. Na nyingi zina umri wa zaidi ya miaka sitini, jambo linalothibitisha uimara wake."

Watu walishangilia. Nchi jirani nazo zikaomba kutuma wajumbe waje Ijumaa ya mwisho wa mwezi kujifunza.

*

Jumatatu ya wiki hiyo Bi Mwanamvua alifika wizarani na fimbo yake nyeupe. Akapanda mteremko taratibu, ameshika chuma, walinzi wakampigia saluti kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza kuutumia. Akaingia chumba cha seva, akapapasa, akakalia lile boksi la feni. Niliitwa nikaandike kumbukumbu za tukio. Nilimkuta Leokadia ameshatangulia.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini humu?"

"Marahaba. Nimesikia redioni kwamba ukipita mteremkoni unaifikia tovuti. Nimefika. Pana baridi. Nani anatoa kadi?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanamvua alikuwa amekonda, na midomo yake ilikuwa mikavu. Alikuwa anachoma nusu dozi kwa siku ya kumi na moja.

Leokadia alivuta kiti akakaa karibu naye na kompyuta yake mapajani. "Hebu nionyeshe unavyofanya, mama. Polepole. Hapo inakuambiaje?"

"Kitufe."

"Ngoja." Akaandika kidogo. "Na sasa?"

"Anza maombi. Kumbe ni kitufe cha kuanza maombi. Mimi nilikuwa nakiruka kila siku naingilia kwingine."

Wakaenda hivyo kisanduku kwa kisanduku. Mmoja aligusa, mwingine aliandika. Mara mbili Bi Mwanamvua alimwambia kwamba maelezo yamekuwa marefu mno, mtu anataka kujua tu ni picha ya nini, siyo kusomewa hotuba, na Leokadia akafupisha. Mtihani wa tabasamu aliuweka pembeni, na badala yake raia akawa anatumiwa namba kwa ujumbe au kwa sauti, achague mwenyewe. Katika miaka yangu kumi na tisa sikuwahi kumwona mtumishi wa wizara akimuuliza raia kitu halafu akasubiri jibu.

Saa kumi jioni simu ya Bi Mwanamvua ilisema: Mwanamvua, umethibitishwa kuwa ni mtu. Kadi yako itafunguliwa kliniki siku ya Alhamisi.

Aliigusa ili irudie. Akaigusa tena. Mimi machozi yalinitoka nikasingizia mafua.

"Mchana mmoja tu," alisema.

"Mwaka juzi ingekuwa nusu saa, mama," Leokadia alijibu, na sauti yake haikuwa ya furaha.

Mabadiliko yale aliyaacha wazi kwa kila raia. Habari zilienea upesi, na watu wakaingia kwa maelfu. Kufikia Jumatano asubuhi mashine za taifa zilikuwa zimebaki mia tatu na kumi na mbili. Hizo zilichunguzwa zikaonekana ni mashine kweli, nyingi za kusaga.

*

Kikao cha dharura kilikaa Jumatano hiyo hiyo saa sita mchana. Mheshimiwa mwenyewe alikuwepo, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatabasamu.

"Mashine elfu arobaini zimetoroka," alisema. "Wageni wanakuja Ijumaa. Nitawaonyesha nini?"

"Ni watu, mheshimiwa," alisema Leokadia. "Walikuwa watu tangu mwanzo."

"Kwa mfumo upi?"

Bwana Malugu akaomba nafasi ya kufafanua. Alisema Hatua ya Kumi na Mbili ilishafungwa na cheti kikatolewa, na kwa kuwa cheti kinasema ufikivu ni kamili, basi chochote kilichoongezwa baada ya hapo ni uharibifu. Uharibifu wenyewe umeangusha sekta ya mashine kwa asilimia tisini na tisa ndani ya siku mbili, hasara ambayo hata vita haijawahi kuileta.

"Kaka Chande," Leokadia akanigeukia. "Wewe ulikuwepo mle ndani. Ulimsikia yule mama. Waambie."

Watu ishirini na watatu walinitazama. Nilijua cha kusema. Nilikuwa nacho chote kichwani, mtungi, midomo mikavu, ile simu inayorudia. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Mimi ni mwandishi wa kumbukumbu tu," nilisema.

Niliona aibu na bado naiona. Leokadia hakuniangalia tena. Nikaandika maazimio: mfumo urudishwe ulivyokuwa siku ya uzinduzi, wote waliothibitishwa tangu Jumatatu warejee katika hali yao ya awali, na wizara iwaombe radhi kwa usumbufu wa kuwa watu kwa siku mbili, na Leokadia anyang'anywe simu na kompyuta, apandishwe cheo na kuwa Afisa Mteremko, akae chini ya ile njia ya zege na kuhesabu wanaopita. Kumbukumbu zilisomwa, zikathibitishwa. Hazikuwa na kosa hata moja.

*

Kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Nilikaa nyuma ya pazia saa mbili kamili na kuwasha feni. Wajumbe wawili wa nchi jirani walikuwa wamewahi siku moja, na Bwana Malugu aliwaleta waisikilize mashine yetu ya simu, fahari ya wizara. Niliona viatu vyao chini ya pazia. Simu ikalia.

"Karibu Wizara ya Maendeleo ya Kidijitali na Furaha ya Raia," nilisema kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Kwa kadi ya kliniki, bonyeza moja. Kwa vibali vya kuzika, bonyeza mbili."

Upande wa pili, kwa mbali, nikamsikia nesi akiita jina la mtu mwingine.

"Chande," ikasema ile sauti.

"Kwa kadi ya kliniki, bonyeza moja."

"Mafua yamepona. Vizuri." Akapumua. "Nipo kliniki, Chande. Wanasema nimerudi kuwa mashine. Ile ya mtungini ni ya siku tatu, nayo ni kwa kujibana. Yule binti nimempigia hapatikani. Sikuombi kitu kikubwa. Mwambie yeyote mwenye funguo hapo anifungulie kadi."

Viatu vya Bwana Malugu vilisogea karibu na pazia. Nilitaka kukohoa na ni marufuku.

"Kwa kadi ya kliniki," nilisema, "bonyeza moja."

Akabonyeza moja. Baada ya moja kuna sentensi moja tu, hata mtoto wa wizara anaijua.

"Huduma hii haipatikani kwa sasa. Asante kwa kupiga."

Nje ya pazia mgeni mmoja alimwambia Bwana Malugu kwamba hajawahi kusikia mashine nzuri namna hii, ungedhani ni mtu. Bi Mwanamvua hakukata. Nilimsikia akihema, kisha akaongea kwa ile sauti yake ya kazini, ya upole na iliyonyooka, aliyotupokelea kwayo simu zetu miaka ishirini na saba.

"Haya, nimekusikia," alisema. "Basi akipita mtu hapo ofisini, mwambie Mwanamvua alipiga."

Simu ikakatika. Nikavuta daftari la simu, kwa sababu kumbukumbu lazima zikamilike. Kwenye safu ya aliyepiga nikaandika mashine, kama ilivyoamuliwa kikaoni. Kwenye safu ya aliyepokea nikaandika hivyo hivyo.